Fundi wa Mashine na Somo la Vitenzi

Jumamosi moja mashine yangu ya kufulia nguo ilianza kupiga kelele. Nikampigia simu fundi wa mtaani na kumweleza hivyo hivyo, kwamba inapiga kelele. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kelele gani, mwalimu? Inanguruma, inagonga, inapiga mluzi au inakwaruza?"

Nilishindwa kujibu. Mimi ninayefundisha isimu katika chuo kikuu nilikuwa na neno moja. Fundi alikuwa na manne. Kumsikilizisha mlio wenyewe haikuwezekana, kwani umeme ulikuwa umepotea mtaa mzima. Ilibidi maneno yafanye kazi ya masikio.

Fundi alinifafanulia kwa subira. Mashine inayonguruma, na mngurumo ukazidi kadiri pipa linavyoongeza kasi, beringi zake zimelika. Inayogonga wakati wa kukamua, huenda nguo zimerundikana upande mmoja, miguu haikusimama sawa au springi zimechoka. Ikipiga mluzi, uangalie mkanda. Ikikwaruza wakati wa kumwaga maji, basi kuna kitu kimeingia kwenye pampu.

Aliniamuru nichomoe plagi, hata kama umeme haupo, maana hurudi bila kubisha hodi. Nikalizungusha pipa kwa mkono, likazunguka kimya. Beringi zilikuwa nzima. Nikaikandamiza mashine kwenye pembe zake nne, haikuyumba. Hapo nikakumbuka kwamba mlio ule ulisikika maji yalipokuwa yakitoka tu. "Basi inakwaruza," fundi akakata shauri.

Nilifungua kifuniko kidogo kilichoko chini upande wa mbele, nikatandika matambara na kutega beseni, kisha nikalegeza chujio polepole ili maji yaliyobaki yatoke. Ndani mlikuwa na sarafu ya shilingi moja na uzi uliojiviringisha. Kifungo cha shati kilikuwa kimepenya hadi kwenye pangaboi la pampu. Nilivitoa, nikakaza chujio, nikasubiri umeme. Jioni nilimpigia fundi na kumwambia kwa fahari: haikwaruzi tena.

Msomaji mpendwa, kisa hiki kimenifikirisha. Mara ngapi tumesikia wasomi wakidai kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi na ufundi? Wanaodai hivyo hutazama majina ya vyuma tu. Ni kweli kwamba beringi, pampu na springi ni maneno ya kukopa, wala kukopa si aibu. Hakuna lugha kubwa isiyokopa. Lakini fundi hakuitambua hitilafu kwa majina hayo. Aliitambua kwa vitenzi, na vitenzi hivyo tulikuwa navyo kabla mashine hazijafika kwetu.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Kenya, sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, mwanafunzi wetu wa sekondari angali anafanya mtihani wa fizikia kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba huikariri fasili ya msuguano, lakini umwombe aeleze mlio wa baiskeli ya babake, naye atakujibu kama nilivyojibu mimi: inapiga kelele.

Walimu wenzangu wa Kiswahili, wapelekeni wanafunzi katika karakana za jua kali wakiwa na daftari. Wawaulize mafundi chuma hiki kinalia vipi, na kwa nini. Nanyi walimu wa fizikia, mwacheni mwanafunzi aeleze kwanza alichokiona na kukisikia kwa lugha anayoimudu, kisha ndipo mumpe kanuni. Kuuliza si ujinga. Mimi nimeuliza nikiwa na shahada ya uzamifu, na aliyenifunza ni mtu mwenye spana mkononi.