Kiatu Hakina Kosa, Tazama Kamba

Nimo Kachibora, kaunti ya Trans Nzoia, wiki ya tatu sasa, nikifuata mahindi. Wanaonijua Mombasa watacheka wakisikia nimerudi kuvaa raba za kamba, mimi niliyezoea makubadhi tangu ujana. Lakini tope la huku halina heshima na makubadhi. Gidamu hukatika siku ya kwanza, na baridi ya asubuhi inayoshuka kutoka milima ya Cherang'any itakufundisha soksi ni nini. Kwa hivyo kabla ya kupanda basi nilipita Kongowea nikachagua raba za mitumba, soli haijaliwa, saizi yangu kabisa.

Siku ya nne ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi.

Nilizipeleka kwa kijana anayeuza viatu kando ya steji, nimwulize kama atanibadilishia kwa saizi kubwa. Akazigeuza, akaingiza mkono ndani, akaniambia kwa Kiswahili cha huku: "Mzee, hii kiatu haina makosa. Ni vile umefunga." Akaketi juu ya kreti la soda, akazichomoa kamba zote.

Kosa langu lilikuwa hili: nilikaza chini, penye vidole, nikalegeza juu, penye kifundo. Nikishuka mteremko, mguu mzima ulikuwa ukiteleza kwenda mbele na kidole kinagonga ncha ya kiatu kila hatua. Kisigino kilikosa wa kukishika, basi. Ningenunua saizi kubwa, mguu ungeteleza zaidi.

Huku mambo haya wanayajua kwa sababu ya mbio. Ukishika barabara inayopanda kuelekea Kapcherop alfajiri utawakuta wakimbiaji, na mkimbiaji anayepanda na kushuka milima kila siku haoni kamba kuwa pambo. Wala tusiseme raba ni mambo ya watu wa bara. Viatu vya Enda, kampuni ya Kenya iliyoipa raba yake ya kwanza jina la Iten, vimekuwa vikiunganishwa Kilifi, kwetu hapo.

Sasa hebu chukua raba yako uitazame. Tundu la juu kabisa, lile lililorudi nyuma kidogo ya wenzake, karibu na kifundo, wengi wetu tunaliacha tupu mpaka kiatu kinakufa. Lile ndilo dawa ya kisigino kinachopwaya. Pitisha kamba kwa kupishana kama kawaida hadi tundu la pili kutoka juu. Kisha kila ncha iingize katika tundu la mwisho la upande uleule, ikitoka nje kwenda ndani, lakini usiivute yote: acha kishwara kidogo kila upande. Halafu ncha ya kulia ipitishe katika kishwara cha kushoto, na ya kushoto katika kishwara cha kulia. Vuta zote mbili, kisha funga. Utahisi kisigino kimekaa mahali pake, na huko mbele vidole vina nafasi ya kucheza. Ukucha wangu haujapona, lakini haugongi tena.

Kijana alinionyesha na la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike. Nina dada yangu mkubwa Likoni, ana kisukari mwaka wa tisa huu. Kliniki walimwambia aache ndara, avae kiatu kilichofunikwa. Wanawe wakamnunulia raba nzuri. Ziko kabatini. Kila nikimwuliza ananijibu, "Zinanibana mgongo wa mguu, mdogo wangu, wacha nikae na ndara zangu."

Wenye ugonjwa huu wanajua hatari yenyewe. Kisukari kikikaa mwilini muda mrefu hupunguza hisia za miguu. Mtu anaweza kukanyaga kigae au kuchubuliwa na kiatu asisikie, akagundua jioni, au asigundue hadi kidonda kimeoza. Kwa hivyo ndara ni hatari, na raba iliyofungwa vibaya pia ni hatari. Wanaomnunulia mzazi viatu wakamwachia sandukuni hawajamaliza kazi, nami nikiwemo.

Mguu ulioinuka mgongoni, au wenye uvimbe, hautaki kamba zipishane juu ya pale panapouma. Basi pale pafungulie dirisha. Anza chini kwa kupishana kama kawaida. Ukifika penye uchungu, usivushe kamba ng'ambo: kila ncha ipandishe wima, ndani ya upande wake, hadi tundu linalofuata. Ukishapita pale, rudi kupishana. Utaona pengo kama dirisha juu ya ulimi wa kiatu, na mguu unapumua. Kiatu hakilegei kwa sababu juu na chini bado pamekazwa.

Kwa watu wazima wetu ongeza na haya. Tumia kamba bapa na pana, si zile za mviringo zinazokata kama uzi wa kuvulia na kufunguka kila mara. Legeza kamba hadi chini kabla ya kuingiza mguu. Hii tabia ya kusukuma mguu ndani ya kiatu kilichofungwa tayari ndiyo inayochubua kisigino. Miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, kwa hivyo fundo lililokuwa sawa asubuhi lifunguliwe na kufungwa upya alasiri. Na usiku, kabla ya kulala, tazama nyayo, hata kama huhisi kitu. Asiyeweza kuinama atazamiwe na mjukuu.

Vijana najua mnasubiri mitindo. Ule unaopendwa, wa kamba kulala sambamba kama vipago vya ngazi bila kupishana hata kidogo kwa juu, ni rahisi ukiujua: kamba huvuka ng'ambo kwa nje, kisha hupanda kwa kujificha ndani. Siri yake ni hesabu. Unakubali vizuri kwa raba yenye matundu shufwa kila upande, yaani sita au nane. Ikiwa ni saba, vipago havitalingana juu, na utahangaika bure. Na urefu wa kamba nao una mambo: kwa matundu sita kila upande tafuta sentimita 114 hivi, kwa saba 137. Ikizidi, ncha zinaburura. Na ncha inayoburura juu ya bodaboda, karibu na mnyororo, si mtindo tena. Ziingize ndani ya kiatu.

Ati kuna mtu aliyekaa kuyapigia mahesabu haya! Mwaka 2002 mwanahisabati Burkard Polster wa chuo kikuu cha Monash, Australia, aliandika katika jarida la Nature kwamba njia zinazokaza kwa nguvu zaidi ni zilezile mbili za kale, ya kupishana na ya ngazi. Bibi zetu hawakuhitaji Australia kulijua hilo, lakini si vibaya kuthibitishiwa.

Limebaki fundo, na hapa mabaharia wetu wangeona haya kwa tunavyofunga. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha California, Berkeley, walipiga picha za polepole za kiatu kinachokimbia. Waliona kwamba kila mguu unapotua hupiga ardhi kwa kishindo cha karibu mara 7 ya mvuto wa dunia. Kishindo kinalegeza fundo huku ncha zinazopeperuka zikilivuta, na ghafla limefunguka lote. Waliona pia kwamba fundo moja hudumu kuliko jingine, ingawa kwa macho yanafanana.

Jipime. Funga kama ulivyozoea, kisha tazama masikio ya fundo. Yakilala kulia na kushoto, kukatiza kiatu, umefunga vizuri. Yakigeuka kuelekea vidole na kifundo, umefunga fundo bovu. Dawa ni kubadili ule mwanzo tu: kama ulipitisha kamba ya kulia juu ya kushoto, sasa pitisha ya kushoto juu ya kulia, mengine uyaache vilevile. Mimi nina miaka hamsini na ushee na nimekuwa nikifunga bovu tangu darasa la kwanza.

Juzi nilimpiga picha kijana akifungua lile dirisha, hatua kwa hatua, nikamtumia mpwa wangu Likoni. Jana dada akapiga simu mwenyewe. Amezivaa kwenda sokoni na kurudi, na wa kushoto hauna shida. Wa kulia bado unabana kidole cha mwisho. Nimemwambia mpwa achomoe kamba katika matundu mawili ya chini kabisa, aanzie ya pili, ili kiatu kipanuke pale mbele. Leo jioni watanipa habari.