Pilipili Isiyotiwa Kwenye Divai

Msomaji wetu wa Mbugangari, Gisenyi, anauliza: divai ya Syrah iliyoandikwa kuwa ni ya shamba moja inanukia pilipili manga, je, wameitia? Hawakutia kitu. Habari za kuchachua naziacha, maana uhondo wote uko kwenye ganda la zabibu.

Humo mna guaieni, kitu kisicho na harufu ya kutajika. Kimeng'enya cha mzabibu wenyewe huipachika oksijeni, nayo ikageuka rotundoni, ileile inayoipa pilipili manga harufu yake. Watafiti wa Australia waliitambua kwenye Syrah mwaka 2008. Na ukali wake! Nanogramu 16 kwa lita ya divai zinatosha pua kuisikia. Piga hesabu: gramu moja ingekolea lita zaidi ya milioni 60, yaani malori 2,000 ya matangi ya lita 30,000, kama yale ya mafuta yanayopita Gisenyi kwenda Goma. Yapange bampa kwa bampa, foleni itatoka mpakani hadi karibu nusu ya njia ya Musanze, na kila dereva akifungua koki, pilipili inanuka.

Joto ndilo adui. Kichala kikipita nyuzijoto 25, rotundoni hupungua. Huko Mount Langi Ghiran, jimbo la Victoria, watafiti walipima shamba moja la hekta zipatazo 6: mteremko unaotazama kusini, ambako jua la Australia halichomi sana, ulizidi kwa pilipili, na mpangilio huo ukajirudia msimu baada ya msimu. Wafaransa huita jambo hili terroir. Wapo wanaolifasiri "udongo". Nakataa, maana hapa kilichotawala ni mteremko na kivuli. Mimi nasema "hulka ya shamba".

Dodoma nako wanalima Syrah, na mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, ila jua lake si la pilipili. Gisenyi, mita zipatazo 1,480 juu ya bahari, ina ubaridi wa kutamanisha. Mvua na ukungu wa majani tuviache.

Ukiinusa rotundoni wewe na mwenzako asiinuse, msigombane: kwenye majaribio, mtu mmoja kati ya watano hivi hakuisikia kabisa, hata kwenye maji yenye nanogramu 4,000 kwa lita.