Vitabu Vinne vya Mankar Camoran

Maadui wakuu wa gemu za fantasia hutisha kwa maumbile: majitu, mazimwi, wafalme waliofufuka wakiwa na panga ndefu kuliko wao wenyewe. Mankar Camoran hana kitisho cha aina hiyo. Amevaa joho, anasema taratibu kama mhadhiri, na silaha yake kubwa ni vitabu vinne alivyoviandika mwenyewe. Kwa vitabu hivyo amepata watu walio tayari kumuua mfalme na kufa papo hapo. Katika kazi yangu ya kuchambua namna gemu zinavyosimulia hadithi, sijakutana na kiongozi wa imani potofu aliyejengwa kwa uangalifu kumzidi. Gemu haikusimulii tu jinsi anavyowapata wafuasi wake, bali inakupitisha wewe mwenyewe njia ileile waliyopita.

Gemu yenyewe ni The Elder Scrolls IV: Oblivion, iliyotengenezwa na Bethesda Game Studios ya Marekani na kutoka Machi 2006 kwa kompyuta na Xbox 360, kisha PlayStation 3 mwaka uliofuata. Aprili 2025 ilitoka upya ikiwa imepambwa kwa picha za kisasa, na kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa mwaka 2006 sasa kinakutana na Camoran kwa mara ya kwanza. Ni gemu ya kuigiza mhusika: unachagua kabila, sura na ujuzi wa mtu wako, halafu unaachiwa nchi nzima ya Cyrodiil uizunguke upendavyo.

Unaanza ukiwa mfungwa. Mfalme Uriel Septim wa Saba, ambaye wanawe wameshauawa, anatoroka kupitia njia ya siri ambayo mlango wake uko ndani ya seli yako. Hafiki mbali. Wauaji wenye majoho mekundu wanammaliza huko chini ya ardhi, na kabla ya kukata roho anakukabidhi hirizi ya kifalme. Hirizi hiyo pamoja na mioto mitakatifu ya hekaluni ndiyo iliyokuwa ikiyafunga malango ya Oblivion, ulimwengu wa viumbe waitwao Daedra. Mfalme akishakufa bila mrithi wa kuiwasha mioto, malango yanafunguka na mji wa Kvatch unateketea.

Wauaji hao ni wa kikundi cha siri kiitwacho Mythic Dawn. Wanamwabudu Mehrunes Dagon, mkuu wa Daedra anayetawala uharibifu na mageuzi, na bwana wao ni Camoran. Deraya na silaha zao huitwa kwa uchawi, hivyo muuaji akianguka vyote hutoweka na unabaki ukitazama mtu wa kawaida aliyevaa joho tu. Baadaye utagundua kwamba baadhi yao walikuwa wakiishi mjini kama majirani wema, wakisalimiana na watu na kulipia mkate wao sokoni.

Sasa, mtu kama Camoran anatafutwaje? Kwa kusoma. Katika mwili wa mfuasi mmoja kinapatikana kitabu cha mafafanuzi ya Camoran juu ya Mysterium Xarxes, maandiko ambayo wafuasi wanaamini yaliandikwa na Dagon mwenyewe. Tar-Meena, msomi wa Chuo cha Uchawi, anakueleza kwamba vitabu viko vinne, na kwamba viwili vya kwanza si vigumu kuvipata ila viwili vya mwisho ni adimu. Hapo ndipo mtego unapoanza kufanya kazi. Kitabu cha tatu kipo kwenye duka la vitabu la mji mkuu, lakini kimeshawekewa oda na mteja aitwaye Gwinas.

Ningependa msomaji amtazame Gwinas kwa makini. Si muuaji wala si mwenda wazimu. Ni mpenda vitabu tu, aliyevutiwa na ibada za Daedra kama mtu anavyoweza kuvutiwa na historia ya kale. Amekwishapata miadi ya kukutana na mtu atakayempa kitabu cha nne, na masharti ni kwamba aende peke yake, kwenye mifereji ya maji machafu chini ya mji, aketi mezani na kungoja. Ukimwambia kwamba watu hao ndio waliomuua mfalme, anatetemeka na kukukabidhi kila kitu. Kama usingetokea siku ile, angekwenda. Angekwenda kwa udadisi, kwa sababu mtu aliyesoma vitabu vitatu hutaka cha nne, na kila kitabu kilikuwa kigumu kupatikana kuliko kilichotangulia. Aliyeibuni hatua hii aliielewa vizuri hila ya makundi ya namna hii: ugumu wa kuipata siri ndio unaomfanya mtu aiamini.

Maandishi yenyewe yametungwa kwa ustadi. Mafumbo ni mengi, majina ya ajabu yanarundikana, na msomaji wa kawaida ataambulia nusu yake. Lakini mwanzo wa kitabu cha kwanza ni mwepesi na mpole. Camoran anamkaribisha mwanafunzi mpya na kumwambia kuwa hata yeye zamani alikuwa usingizini kama yeye. Anajishusha kwanza, ndipo anapanda. Kisha, vitabu vyote vinne vikishakuwa mkononi, inafichuka kwamba herufi za kwanza za aya zinaunda ujumbe unaoelekeza kwenye bustani ya ikulu, mahali ambapo mnara unakutana na jua la adhuhuri. Washairi wa pwani yetu, waliopanga beti zao kwa kufuata mfuatano wa herufi za Kiarabu, wangeitambua mbinu hii mara moja. Ukisimama kwenye kaburi fulani la bustani hiyo saa sita mchana, ramani nyekundu inang'aa juu ya jiwe na kukuonyesha pango la ibada karibu na ziwa Arrius. Raha ya kulifumbua fumbo hilo ni ya kweli. Mimi niliiona, na kila mfuasi wa Camoran wa kwenye hadithi aliiona kabla yangu. Umejiona mwerevu, mteule, mtu aliyeona walichokikosa wengine, na umefika mlangoni kwao kwa miguu yako mwenyewe.

Mlangoni kuna neno la siri, na baada ya neno la siri yuko Harrow, bawabu mpole anayekutaka uvue kila ulichonacho na kuvaa joho jekundu. Asiyecheza gemu za aina hii huenda asione uzito wake. Upanga, deraya, dawa na pete za mhusika wako ni saa nyingi za maisha yako: mapango uliyoyapekua, fedha ulizozidunduliza, mara ulizokufa na kuanza upya. Harrow anavitaka vyote kwa sentensi moja, na mchezaji anasita kweli. Waliosoma habari za Kanungu, Uganda, ambako mamia ya waumini waliangamia Machi 2000, wanakumbuka kwamba wengi walikuwa wameuza mali zao na kuzikabidhi kwa kundi. Na kwa wengi wetu jeraha la msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ya waumini imefukuliwa tangu Aprili 2023, bado ni bichi. Sisemi kwamba hadithi ya kubuni inaweza kupimwa na misiba hiyo. Nasema kwamba waandishi wa Oblivion walijua kuzimu haifiki siku ya kwanza. Kwanza unaombwa mali.

Ndani ya pango Camoran anahutubia, waumini wanaitikia, kisha anatoweka kupitia mlango wa kichawi akiwa na hirizi ya mfalme, ambayo wafuasi wake walishaiiba. Binti yake, Ruma, anakuita mbele ya madhabahu. Amelazwa hapo mateka aitwaye Jeelius, na kisu cha fedha kiko karibu naye. Ukimchinja, umekuwa mmoja wao. Ukimwokoa au ukikinyakua kitabu kitakatifu, Mysterium Xarxes, pango zima linakugeukia, nawe huna silaha zako. Gemu haikuhubirii lolote wakati huo. Inakuachia kisu.

Sehemu ya pili ya ustadi wa gemu iko katika Pepo aliyoiumba Camoran kwa nguvu za Mysterium Xarxes na kuwaahidi wafuasi wake. Ukiingia unakuta bustani ya maua, maji na jua zuri. Pia unakuta wafuasi wanakimbia. Daedra wanawawinda, wanawaua, nao wanafufuka na kuuawa tena, kwa kuwa ahadi ya uzima wa milele imetimizwa neno kwa neno. Kwenye mapango ya chini wengine wamefungiwa ndani ya vizimba vinavyoteremshwa kwenye moto wa volkano. Ili upite huko lazima uvae vikuku ambavyo mvaaji hawezi kuvivua mwenyewe. Anayekuvua ni Eldamil, aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa Mythic Dawn, ambaye ameelewa alichokitumikia na sasa anataka kupigana upande wako. Simjui mhusika mdogo katika gemu hii aliyenigusa kuliko huyo.

Wakati wote huo sauti ya Camoran inakufuata bustanini. Ni ya Terence Stamp, mwigizaji wa London aliyefariki Agosti 2025, ambaye wengi walimjua kama Jenerali Zod katika filamu za Superman za 1978 na 1980. Hapandishi sauti hata kidogo. Anakueleza kwamba Tamriel, bara unalolitetea, si kitu ila mojawapo ya milki za Daedra iliyopotea kwa usaliti, kwa hiyo majeshi ya Dagon hayavamii bali yanarudi nyumbani. Katika hotuba hiyo anataja milki nyingine na wenyewe, na anazichanganya: Coldharbour anampa Meridia, Quagmire anampa Peryite, Moonshadow anampa Mephala, ilhali maandiko mengine ya msururu huu yanazitaja kuwa za Molag Bal, Vaermina na Azura. Mashabiki wamebishana kwa miaka kama ni kosa la mwandishi au la mhusika. Kwangu mimi kosa hilo ndilo linalomkamilisha. Mtu huyu ameikoroga elimu ya msingi kabisa ya dini yake, anaisema bila kusita, na katika maelfu ya hatua za bustani ile hakuna hata mmoja aliyebaki wa kumsahihisha.

Gemu inamwangusha mwishoni. Baada ya pango la ibada, saa nyingi zinapotea kwenye malango ya Oblivion yanayofanana mno, na Camoran hasikiki mpaka Peponi. Ukimfikia katika ukumbi wake, mchawi huyu aliyetikisa dola anaanguka kwa mapigo machache ya mtu yeyote mwenye upanga mzuri. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, iliyogawa uongozi wa dhehebu lake kwa watu watatu wanaooneana wivu, ilijua zaidi namna ya kumweka kiongozi mbele ya macho ya mchezaji hadi mwisho.

Aliyeliziba pengo hilo ni Martin, kasisi wa Kvatch anayegundulika kuwa mwana wa mfalme, kwa sauti ya Sean Bean. Yeye ndiye anayeifungua Mysterium Xarxes na kuisoma ili kuitafuta njia ya kuingia Peponi, na anaweza kwa sababu katika ujana wake mwenyewe alizama katika ibada za Daedra. Anakiri hilo kwa aibu, bila kujitetea. Kisha anakutaka umletee kifaa kilichotoka kwa mkuu mmoja wa Daedra, kiharibiwe kwenye tambiko la kuufungua mlango. Kifaa hicho hupewi ila kwa kumtumikia mkuu huyo kwanza, kwa hiyo nawe unakwenda kwenye sanamu yake, unaleta sadaka, unapokea agizo. Ni wazo zuri sana, lakini Martin anapokea kifaa chochote, na wachezaji wengi humpelekea kile wasichokihitaji. Waandishi walipata nafasi ya kumdai mchezaji kitu anachokipenda, kama Harrow alivyomdai mlangoni, wakaiacha ipite.