Sumu ya panya yaweza kummaliza paka wako

MAVUNO ya mahindi yanapoingia katika Kaunti ya Uasin Gishu, kati ya Oktoba na Desemba, panya nao huyafuata magunia hadi majumbani.

Katika mtaa wa makazi kama Kapsoya, jijini Eldoret, mwenye nyumba huwa na njia mbili za kuyalinda mahindi yake: kufuga paka au kutega sumu. Anayetumia zote mbili kwa pamoja humweka paka hatarini.

Aina nyingi za sumu ya panya huzuia damu kuganda. Panya aliyeila hafi papo hapo, bali hudhoofika kwa siku kadhaa, akawa windo jepesi. Paka anayemla hula na sumu iliyomo mwilini mwake.

Dalili huchelewa kwa siku kadhaa: ufizi hupauka, pumzi humwia nzito na pengine damu hutoka puani. Akiwahishwa kwa daktari wa mifugo, hutibiwa kwa vitamini K1, mara nyingi kwa wiki kadhaa.

Sumu yenye fosfidi ya zinki ni kali zaidi. Paka akila chambo chenyewe, sumu hiyo hugeuka gesi tumboni na yaweza kumuua katika muda wa saa chache. Haina dawa mahususi ya kuitangua.

Hata hivyo, hatari haiko stoo peke yake. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunjavunja baadhi ya kemikali ambazo mwili wa binadamu huzimudu.

Ndiyo maana tembe moja ya parasetamoli ya miligramu 500, anayopewa kwa nia njema ya kumtuliza maumivu, yaweza kumuua. Uso humvimba, ufizi hugeuka kahawia na damu hushindwa kusafirisha oksijeni.

Vivyo hivyo, dawa ya kupe na viroboto yenye pemethrini, ambayo hutumiwa kwa mbwa na ng’ombe, humtia paka mtetemeko na degedege. Asipakwe kamwe dawa ambayo maelezo yake hayamtaji paka.

Jikoni, adui aliyejificha ni kitunguu. Kiwe kibichi, kimepikwa au kimekaushwa, huharibu chembechembe nyekundu za damu. Gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa paka zatosha kumdhuru. Kwa paka wa kilo 4, hizo ni gramu 20 tu. Kitunguu saumu ni kikali zaidi.

Kwa hivyo, ugali uliochovywa katika mchuzi wa nyama au wa omena si chakula salama kwake. Ni heri kumtengea nyama au samaki kabla ya kitunguu kutiwa chunguni. Chokoleti, kahawa na pombe pia zimwepuke.

Aidha, maua ya lili yasiwekwe nyumbani mwenye paka. Hata kulamba chavua iliyomwangukia manyoyani kwaweza kuharibu figo zake. Sakafu iliyopigwa deki kwa dawa ya kuua viini nayo ikauke kwanza, kwani paka hulamba nyayo zake.

Paka akishukiwa kula sumu, wengi hukimbilia kumnywesha maziwa. Maziwa hayaondoi sumu, na kinywaji anachomiminiwa mnyama aliyedhoofika chaweza kuingia mapafuni. Kumlisha chumvi ili atapike pia ni hatari.

Lililo bora ni kumpeleka kwa daktari wa mifugo bila kungoja dalili, pamoja na pakiti ya sumu au dawa hiyo, na kueleza saa aliyoila.

Kwa mahindi, mapipa ya chuma yenye vifuniko, mitego ya kawaida na kuziba matundu ukutani hupunguza panya bila sumu. Hata jirani anayetega sumu aombwe kuzika mizoga, kwa maana paka hajui mpaka wa ua.

Akifa paka, panya waliosalia watabaki na ghala, na wahenga walikwisha kunena: paka akiondoka, panya hutawala.