Wino mzuri usiotulia: Sababu za kalamu kukauka Voi na kuvuja Wundanyi

KALAMU ya wino iliyojazwa nusu mjini Voi, ikatiwa katika mfuko wa shati na kupandishwa matatu hadi Wundanyi, huenda ikafika imetapika. Mwenye shati ataulaumu utengenezaji wa kalamu, au kona za barabara ile inayopanda kutoka Mwatate. Mkosaji hasa ni hewa.

Voi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, nayo Wundanyi, katika Milima ya Taita, imepita mita 1,400. Kadiri mtu apandavyo ndivyo mgandamizo wa hewa upunguavyo, na baina ya miji hiyo miwili hupungua kwa takriban asilimia tisa. Hewa iliyofungiwa ndani ya kalamu pamoja na wino hutanuka kwa kiasi kinachokaribia hicho, na kwa kuwa njia ya kutokea ni moja tu, huusukuma wino nje kupitia ncha. Nusu mililita ya hewa yatosha kutoa tone moja nono. Tone moja ni kitu kidogo katika chupa, lakini si kidogo juu ya shati jeupe la mwalimu anayekwenda mkutanoni.

Dawa yake ni rahisi. Kalamu iliyojaa pomoni haina hewa ya kutanuka, na iliyo tupu haina wino wa kumwaga. Ile iliyo nusu ndiyo ya kuogopwa, na ikibidi kusafiri nayo basi ncha ielekezwe juu.

Kwa nini basi mtu ajitie katika adha hiyo, ilhali biro ya bei ya chini haivuji na haihitaji kuoshwa? Jibu la wapenzi wa kalamu hizi ni rangi. Kalamu ya wino, ambayo Mmarekani Lewis Waterman alipewa hataza yake mnamo 1884, huteremsha wino mwepisi kama maji, na wino wa maji hupokea rangi ambazo wino mzito wa biro hauwezi kuzionyesha. Wazee waliosoma enzi za madawati yenye tundu la kidau wanakumbuka nyeusi, buluu na ile buluu iliyoiva ikakaribia weusi. Siku hizi watengenezaji wanauza mamia ya rangi. Zipo kijani za majani ya mgomba baada ya mvua, na zipo buluu ambazo zikikauka humemeta wekundu kingoni mwa herufi, mithili ya bawa la ndege linapogeuzwa juani.

Mmemeto huo ndio chanzo cha fujo. Wino wa kawaida ni maji kwa sehemu kubwa, yaliyotiwa rangi inayoyeyuka, dawa kidogo ya kuzuia kuvu, na viungo vyenye tabia ya sabuni vinavyousaidia kuteremka bila kukwama. Karatasi huunywa ukakauka. Wino unaomemeta umeshindiliwa rangi nyingi kuliko karatasi iwezavyo kumeza. Ile ya ziada hubaki juu kama utando wa fuwele, na utando huo ndio unaorudisha mwanga wa rangi nyingine. Kwa kuwa haukuzama, unyevu kidogo wa kidole hutosha kuuyeyusha upya, hata baada ya siku nyingi. Mtengenezaji akiipunguza rangi ili usichafue, mmemeto nao utatoweka.

Hali ya hewa ya Taita Taveta huudhihirisha ukweli huu pande zote mbili. Joto kavu la Voi hukausha ukurasa upesi, jambo jema, lakini pia hufyonza maji kutoka katika ncha ya kalamu iliyoachwa wazi. Wino mnene huganda hapo kama utomvu, na mwandishi anayeitikisa kalamu kwa hasira huishia kupaka ukuta. Kitambaa chenye maji kidogo ndicho kinachofaa. Huko juu milimani, asubuhi za ukungu hugeuza tatizo: ncha haikauki, ila ukurasa nao haukauki, na kiganja kinachopita juu ya mistari huondoka na nusu ya barua.

Upo pia wino ambao sifa yake imevuka mipaka. Kampuni ya Noodler's ya Marekani hutengeneza uitwao Baystate Blue, buluu kali ambayo wengi huihesabu miongoni mwa rangi nzuri kuliko zote, na ambayo inajulikana vilevile kwa kutia madoa vidole na plastiki ya kalamu. Wino huo una asili ya magadi, ilhali wino nyingine nyingi zina uchachu au ziko katikati. Ukichanganywa nazo waweza kufanya mashapo na kuziba mishipa ya kalamu. Wanaoupenda huutengea kalamu yake peke yake, tena isiyo ya thamani kubwa. Huo ni uamuzi wa busara kuliko kuukataa.

Wakazi wa Voi hawahitaji kufundishwa kuhusu rangi zisizotoka. Udongo wao mwekundu, uliowapaka hata ndovu wa Tsavo, umepata wekundu huo kutokana na chuma kilichoungana na oksijeni. Chuma hichohicho, kikipitia njia nyingine, ndicho kilichowapa waandishi wa Ulaya wino wao kwa karne nyingi. Chumvi ya chuma ilichanganywa na tanini iliyotolewa katika vinundu vya mialoni, na mchanganyiko huo ulipoguswa na hewa juu ya karatasi uligeuka mweusi na kung'ang'ania humo. Waandishi wa pwani, hususan Lamu, Pate na Siyu, walikuwa na kalamu za mwanzi na wino mweusi, na njia kongwe ya kupata weusi ni masizi yaliyoshikizwa kwa gundi ya mti. Masizi hayayeyuki majini wala hayapauki juani.

Tofauti hiyo si ya urembo tu. Sheria ya Mikataba ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Katika kaunti hii, ambako suala la ardhi na maskwota limezungumzwa kwa miaka mingi, karatasi moja iliyokunjwa ndani ya sanduku yaweza kuwa ushahidi pekee wa mjane. Vivyo hivyo daftari la chama cha akina mama, lenye hesabu ya nani ameweka akiba na nani anadaiwa. Paa likivuja usiku mmoja, sahihi iliyotiwa kwa wino unaoyeyuka itageuka doa la buluu lisilosomeka, hata kama ilipendeza namna gani siku ya kutiwa.

Wino wa chuma bado unauzwa, na upo wa chembe laini uliotengenezwa mahsusi kwa kalamu hizi. Wote wawili hustahimili maji, lakini hudai uangalifu: kalamu ioshwe mara kwa mara na isiachwe ikakaukia ndani, hasa katika joto la Voi. Wino mzito wa wachoraji usitiwe humo kabisa, kwani utaiziba. Kwa hati, hata biro ni bora kuliko wino mzuri unaooshwa na maji. Wino unaomemeta una kazi yake katika barua, kadi na shajara.

Mwenye chupa asiyoijua tabia yake anaweza kuipima nyumbani. Aandike mstari uleule kwenye vipande vitatu vya karatasi na kuviacha vikauke siku nzima. Kimoja akipitishe chini ya mfereji, cha pili akibandike dirishani penye jua, cha tatu akifiche ndani ya kitabu. Baada ya wiki chache avilinganishe. Waridi na zambarau aghalabu ndizo za kwanza kuaga.