Foleni ya Mafua (Sehemu ya Tatu)

Mwezi wa Julai, hapa Wamagana, habari za jua tunazisikia kutoka kwa watu wa Karatina. Ukungu hushuka alfajiri kutoka Nyandarua, ukalala juu ya mashamba ya chai hadi saa nne, na ukiinuka huacha manyunyu. Majira haya Wakikuyu huyaita gathano. Pita karibu na kituo chochote cha afya saa mbili asubuhi, utakuta benchi limejaa: akina mama wamebeba watoto mgongoni kwa shali mbili mbili, wazee wamevuta kofia za marvin hadi kwenye nyusi, na kikohozi kinapokezanwa kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho kama kiitikio kanisani.

Nami nilikuwa kwenye benchi hilo, nimefuata dawa zangu za presha. Kando yangu alikaa Mama Ndirangu, rika langu, amempakata mjukuu wa miaka minne, kamasi zimeteremka hadi mdomoni.

"Mwalimu," akaniambia, maana baba ya mtoto nilimfundisha biolojia, "huyu nilimkataza. Alitoka asubuhi bila soksi akakanyaga umande. Sasa ona."

Nilitaka kumjibu pale pale, nikaona heri nihesabu kwanza. Tulikuwa watu thelathini na mmoja. Tabibu alikuwa mmoja.

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanakumbuka tulianzia mbali kidogo, kwenye chuo kikuu kilichoingia mfukoni. Nilisema kwamba Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, hapa hapa Tetu, ilimbidi mwaka 1960 avuke bahari hadi Kansas, Marekani, ndipo aisomee biolojia shahada ya kwanza. Leo msichana wa Ihithe anaweza kujisajili katika Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati Agosti 2023, asiondoke kwa mama yake, mradi bando lisimwishie katikati ya somo. Wiki iliyopita tukahamia kwa daktari, tukauliza kwa nini yeye hafiki kijijini kwa wepesi uleule.

Msomaji mmoja wa Othaya hakuridhika. Anasema mpwa wake amehitimu udaktari na yuko nyumbani analisha ng'ombe, basi uhaba ninaouandika uko wapi? Swali lake ni zuri kuliko makala yangu. Uhaba wetu si wa vichwa, ni wa nafasi zenye mshahara. Huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, kuajiri kukawa mzigo wa kaunti, na mwenye mzigo akishindwa huutua palipo wepesi kutua: haajiri. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, kiini chake kimoja kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Mkataba wa 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi; serikali ikasema ina 70,000. Walipokuwa wakivutana, vijana waliomaliza miaka sita ya masomo walikuwa wakingoja kupangiwa hospitali. Kwa hiyo mpwa wa msomaji wangu na foleni ya Wamagana ni uhaba mmoja, tunauona kutoka pande mbili.

Hapo ndipo teknolojia huletwa kama mkombozi, na ndipo ninapotaka kwenda polepole. Mwaka 2005, shirika la AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya walianzisha mpango wa kuwapandisha ngazi wauguzi wa cheti wapatao 22,000 hadi diploma, kwa masomo ya kompyuta. Kwa nafasi zilizokuwepo madarasani kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka mia. Muuguzi alibaki kituoni kwake, akasoma baada ya zamu. Naona huu ndio mfano bora tulio nao, bora kuliko hotuba zote kuhusu akili unde, kwa sababu haukumtoa mtu kijijini ili kumwelimisha. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, lilishauri jambo hilohilo kwa lugha ya kiofisi: chukua wanafunzi wa mashambani, wafundishie nje ya miji mikuu, wapeleke vijijini wangali wanasoma. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilikuwa kikifanya hivyo zamani, kikiwatuma wanafunzi wa udaktari wakakae na wanakijiji na kujifunza maradhi yao huko huko yanakoanzia.

Ila somo hupita hewani, mkono haupiti. Video itakufundisha jinsi ya kusikiliza kifua. Sikio lenyewe lazima liwe Wamagana. Basi swali la wiki hii ni dogo: huyo tabibu mmoja aliyepo, saa zake zinaliwa na nini?

Zinaliwa na mafua.

Tuanze na neno, maana hapa lugha yenyewe imetutia katika makosa. Sisi wa bara la Kenya husema "nina homa" tukimaanisha pua inatiririka. Mwambie hivyo mtu wa Tanga naye ataweka mkono kwenye paji lako, atafute joto, akutume ukapimwe malaria. Tena husema "nimeshikwa na baridi," na ukishasema hivyo umekwisha kumtaja mshtakiwa kabla ya kesi. Hatuko peke yetu. Waingereza wana neno moja kwa mafua na kwa baridi, na la Waitaliano limetokana na baridi. Mapadri wao wa Consolata waliofika nchi hii mwaka 1902 walikuja na jina hilo lililozaliwa na baridi. Dunia nzima imemkubalia Mama Ndirangu.

Chanzo cha mafua ni virusi. Vipo vya namna nyingi, na kundi kubwa zaidi, vile vya rhino, lina aina zaidi ya 160. Ndiyo sababu mtu hachanjwi mafua, wala kuugua mwezi wa Juni hakumkingi na mafua ya Agosti. Aliyekuja Agosti ni ndugu mwingine wa ukoo uleule. Mtu mzima huugua mara mbili au tatu kwa mwaka, mtoto mdogo hata mara sita au nane. Mtoto mwenye mafua kila mwezi wa baridi hajalogwa, wala damu yake si nyepesi.

Sasa zile soksi. Mwaka 1946 Waingereza walifungua kituo karibu na mji wa Salisbury ambacho kazi yake ilikuwa kuwaambukiza watu mafua kwa hiari yao, na kikadumu zaidi ya miaka arobaini. Katika jaribio moja la mwanzo, waliojitolea waliogeshwa maji moto, wakasimamishwa kwenye ujia wenye upepo wakiwa hawajajikausha, kisha wakavalishwa soksi zilizolowa. Soma tena: soksi zilizolowa. Baridi peke yake haikumpa hata mmoja mafua. Mwaka 1968 Wamarekani walirudia jambo hilo kwa virusi vya rhino na watu waliowekwa kwenye ubaridi, na jibu likawa lilelile.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda, lakini sayansi haina adabu ya kuacha mwalimu ashinde. Mwaka 2005, mjini Cardiff, watafiti waliwatumbukiza watu 90 miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20, na wengine 90 wakaweka miguu kwenye beseni tupu. Siku chache baadaye, 13 wa maji baridi walisema wana mafua, dhidi ya 5 wa beseni tupu. Inawezekana walikuwa tayari na virusi vimelala puani, na ubaridi wa miguu ulipoifanya mishipa ya pua isinyae, ulinzi ukapungua. Miaka kumi baadaye, Chuo Kikuu cha Yale kikaonyesha, kwa chembe za panya, kwamba virusi vya rhino hustawi zaidi kwenye nyuzi 33 kuliko 37, kwa kuwa kinga hufanya kazi kwa uvivu penye ubaridi. Pua, mlango wa mwili, ndiyo yenye nyuzi 33.

Basi bibi hakukosea kabisa. Umande haukumletea mjukuu ugonjwa. Pengine ulimfungulia mlango mgeni aliyekuwa amekwisha kufika. Na aliyemleta mgeni? Gathano tunafunga madirisha, tunakaa jikoni watu wanane kuzunguka moto wa kuni, mtoto anafuta pua kwa kiganja, kiganja kinashika kikombe, kikombe kinapita. Virusi hivi huishi mkononi kwa saa kadhaa. Soksi avae, tena avae. Ila sabuni ingemfaa zaidi.

Jambo la pili lina hatari kuliko soksi, nami siwezi kulisema bila kujitia aibu. Nikiwa mwalimu kijana, nilishikwa na mafua wiki ya mitihani. Kijana wa duka la dawa, ambalo silitaji, aliniuzia kapsuli nane za Amoxil kwa sababu ndizo nilizokuwa na pesa zake. Nilimeza, siku ya tatu nikapona, na kwa miaka mingi niliisifu dawa ile mbele ya wanafunzi niliokuwa nikiwafundisha tofauti ya bakteria na virusi! Mafua hupona yenyewe kwa siku saba hadi kumi. Mtu huvumilia siku nne, ya tano akameza dawa, ya nane akapona, na sifa zote zikaenda dukani. Antibiotiki huua bakteria, virusi haivigusi. Inachofanya ni kuwazoeza bakteria waliomo mwilini wawe sugu, ili siku ukipata nimonia ya kweli, dawa ile ile igonge mwamba.

"Lakini kamasi zimekuwa za kijani," mtu huniambia. Rangi hiyo hutoka kwa chembe nyeupe za damu, ambazo zina kimeng'enya cha kijani zinachokitumia vitani. Ni ishara kwamba jeshi lako liko kazini. Haikwambii adui ni nani.

Mengine nitayapita mbio. Machungwa na vitamini C: Linus Pauling, mshindi wa Nobel mara mbili, aliipigia debe vitamini hiyo mwaka 1970, na majaribio mengi yaliyofuata yalionyesha kuwa anayeinywa kila siku hupunguziwa muda wa ugonjwa kwa takriban asilimia 8, yaani mafua ya wiki moja yanakatwa nusu siku. Chungwa ni tamu, kula. Chai ya tangawizi haina ubaya. Asali hutuliza kikohozi, lakini asipewe kamwe mtoto asiyetimiza mwaka. Kumfunika mtoto blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka na majani ya mkaratusi kunaweza kumwunguza, na kidonda cha maji moto hakiponi kwa siku saba.

Sasa rudi nami kwenye benchi, maana foleni ina siri. Katika watu thelathini wenye pua zinazotiririka huenda mmoja hana mafua tu. Ana nimonia, na nje anafanana na wenzake. Tabibu humgundua mtoto huyo kwa kumhesabia pumzi. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Fungua shali, tazama tumbo na kifua, hesabu kila vinapoinuka kwa dakika nzima kwa saa. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, na mwenye mwaka 1 hadi 5 akifika 40, huyo anapumua haraka mno. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, usingoje foleni.

Huhitaji shahada kwa hilo. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliokabidhiwa mikoba na simu Septemba 2023, wana uwezo wa kulifanya mlangoni kwako, na kila simu ya mkononi ina saa. Hili ndilo somo ambalo ningetaka lipite hewani kabla ya mengine yote.

Mwisho wa benchi alikaa mama kijana, mgeni kwetu, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa kimya mno. Ukimya ule ndio uliotushtua. Mama Ndirangu alinitazama, nikamtazama. Akamwambia yule mama kwa upole, "Mwanangu, hebu mfungue kidogo, huyu ni mwalimu." Nikatoa simu. Nilihesabu mimi, na Mama Ndirangu naye akahesabu kwa midomo bila sauti. Mimi nilifika 54, yeye 56.

Hakuna aliyelalamika tulipompitisha mbele. Mlango wa tabibu ulifunguka, ukafungwa. Mama Ndirangu akamfuta mjukuu pua kwa ncha ya leso, akaitazama foleni, akanitazama mimi.

"Basi huyu wangu," akauliza, "nirudi naye nyumbani?"

Tukamhesabia pia. Ishirini na sita. Akaanza kumvalisha soksi.

Wiki ijayo: shinikizo la damu, na kwa nini mimi mwenyewe nilikuwa kwenye benchi lile.