Monoksidi ya kaboni

Monoksidi ya kaboni (fomula ya kikemia: CO) ni kampaundi ya elementi mbili, kaboni na oksijeni. Kila molekuli yake ina atomi moja ya kaboni na atomi moja ya oksijeni. Katika halijoto ya kawaida ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, na ni nyepesi kidogo kuliko hewa. Ni sumu kali.

Jinsi inavyotokea

Kaboni ikiungua penye oksijeni ya kutosha, hutokea dioksidi ya kaboni:

C + O₂ → CO₂

Oksijeni ikiwa haitoshi, mwako haukamiliki na hutokea monoksidi ya kaboni:

2C + O₂ → 2CO

Mfano ni jiko la mkaa. Sehemu ya chini, hewa inapoingilia, hutokea dioksidi ya kaboni. Gesi hiyo ikipanda kati ya makaa mekundu humenyuka na kaboni:

CO₂ + C → 2CO

Juu ya jiko sehemu ya monoksidi huungua kwa mwali wa buluu. Iliyobaki huingia hewani. Kwa hiyo makaa yaliyokolea na yasiyotoa moshi bado hutoa gesi hii.

Athari kwa mwili

Hemoglobini katika damu hubeba oksijeni kutoka mapafuni. Monoksidi ya kaboni hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa oksijeni hata kama mtu anaendelea kupumua. Dalili za kwanza ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu. Baadaye mtu hupoteza fahamu na anaweza kufa. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka.

Kinga

Jiko la mkaa lisiwekwe ndani ya chumba cha kulala, hata kwa kuota moto wakati wa baridi. Kuweka beseni la maji chumbani hakusaidii, kwa sababu gesi hii huyeyuka kidogo sana katika maji. Mtu aliyeathirika atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali.

Matumizi

Katika tanuri la kuyeyushia chuma, monoksidi ya kaboni huondoa oksijeni kwenye mtapo:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Hutumika pia viwandani kutengeneza methanoli.